Kupanua Vyanzo vya Mapato vya Shirika Linalolea Vikundi vya Kujitolea: Mwongozo Kamili

Anayechimba kisima anaweza kumwita mfadhili aje aonje maji. Anayemfundisha mhazini wa kikundi cha wachimba visima namna ya kutunza daftari la fedha hana maji ya kumwonjesha mtu, ingawa bila daftari hilo fedha zingekwisha kabla kisima hakijafika kwenye maji. Hilo ndilo tatizo la mashirika yanayovilea vikundi vya kujitolea, yaani yale yanayovisaidia kujisajili, kuandika katiba, kupata watu wa kujitolea, kutunza hesabu, kuandaa maandiko ya miradi na kuzungumza na serikali kwa sauti moja. Kazi yao imo ndani ya mafanikio ya wengine, kwa hiyo haionekani kwa urahisi, na bajeti zinapobanwa huwa rahisi mno kuikata.

Katika mwongozo huu nitaliita shirika la namna hiyo shirika mlezi, na nitaeleza hatua kwa hatua jinsi linavyoweza kupanua mapato yake bila kugeuka mshindani wa vikundi linavyovilea. Sharti hilo ndilo linalotofautisha kazi hii na ushauri wa kawaida wa kutafuta fedha, na nitalirudia mara kadhaa kwa sababu nimeona mashirika mazuri yakilisahau na kupoteza imani ya wanachama wao, ambayo ni vigumu kuirudisha kuliko fedha.

Hatua ya 1: Soma upya hesabu za miaka 3

Chukua taarifa za fedha za miaka 3 iliyopita na uorodheshe kila chanzo cha mapato. Mbele ya kila kimoja andika mambo matano: fedha zilianzia kwa nani hasa, zina masharti gani ya matumizi, mkataba unaisha lini, hulipwa kabla au baada ya kazi kufanyika, na zilikugharimu siku ngapi za kazi kuziomba, kuzisimamia na kuzitolea taarifa. Kazi hii huchukua siku 2 au 3 za mhasibu na mkurugenzi wakikaa pamoja, na hakuna hatua nyingine humu inayolipa kiasi hicho kwa muda mfupi hivyo.

Swali la kwanza ndilo hufichua mengi. Shirika linaweza kuwa na mikataba mitano na wafadhili watano tofauti, kumbe wote watano wanachota katika kisima kimoja. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa siku 90, kisha programu nyingi zikafutwa moja kwa moja, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likakoma kuendesha misaada hiyo. Pigo halikuwafikia wale tu waliokuwa na mkataba na shirika hilo. Liliwafikia pia waliokuwa wakipokea fedha kupitia mikono ya pili na ya tatu, ambao katika vitabu vyao vya hesabu jina la Marekani halikuandikwa popote. Kwa hiyo fuatilia kila fedha hadi chimbuko lake, na vyanzo vyenye chimbuko moja uvihesabu kuwa kimoja.

Ukishafanya hivyo, pima ulundikano. Chukua sehemu ya kila chanzo katika mapato yote kama desimali, uizidishe kwa yenyewe, kisha ujumlishe majibu yote. Shirika lenye vyanzo vya asilimia 70, 20 na 10 litapata 0.49 + 0.04 + 0.01, yaani 0.54. Lenye vyanzo vya asilimia 40, 25, 20 na 15 litapata 0.285. Chanzo kimoja pekee ni 1, na vyanzo vitano vilivyolingana ni 0.20. Hesabu hii, ambayo wachumi huitumia kupima ulundikano katika masoko, haikuambii ufanye nini, lakini bodi ikiiona ikipanda mwaka baada ya mwaka haiwezi tena kusema kwamba haikujua.

Hata hivyo, usidhani kwamba wingi wa vyanzo ni lengo lenyewe. Uchunguzi mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulitazama mashirika 144 yasiyo ya kibiashara yaliyoanzishwa tangu 1970 na kukua hadi mapato ya dola milioni 50 au zaidi kwa mwaka, na ukakuta kwamba mengi yalikua kwa kuijua vizuri aina moja ya mfadhili kuliko kwa kurukia kila aina. Mashirika walezi kwa kawaida ni madogo mno kulingana na hayo, lakini fundisho linawafaa: kila chanzo kipya kina lugha yake, taarifa zake na watu wake wa kuwahudumia, na shirika la wafanyakazi 6 haliwezi kuwa hodari katika vyanzo 9. Vyanzo vitatu au vinne vinavyoeleweka, visivyotegemeana na visivyokauka kwa wakati mmoja, vinatosha.

Kitu cha mwisho cha kusoma katika hesabu hizo ni kiasi cha fedha huru, yaani fedha ambazo bodi inaweza kuzitumia kwa lolote lililo ndani ya katiba ya shirika. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo kikuu. Ruzuku kubwa ya mradi inaweza kuongeza mapato maradufu na bado ikaliacha shirika maskini zaidi, kwa sababu imeleta kazi mpya bila kulipia pango, mhasibu wala muda wa mkurugenzi.

Hatua ya 2: Jua gharama halisi ya siku moja ya kazi

Huwezi kuuza huduma, kuomba ruzuku wala kuingia mkataba kwa usalama kama hujui siku moja ya mfanyakazi wako inagharimu kiasi gani. Wengi huchukua mshahara wa mwaka na kuugawa kwa siku 260, yaani majuma 52 ya siku 5. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Fanya hivi. Anza na siku 260. Toa likizo, tuseme 28. Toa sikukuu, tuseme 12. Toa ugonjwa, tuseme 5. Toa vikao vya ndani na mafunzo ya mfanyakazi mwenyewe, tuseme 15. Zinabaki 200. Katika hizo, kiasi fulani huenda kwenye simu za vikundi vinavyotaka ushauri wa haraka, barua, safari, na huduma ambazo hakuna anayezilipia. Ukiona kwamba ni asilimia 60 tu ya muda huo inayoweza kulipiwa, unabaki na siku 120. Kisha chukua gharama yote ya mfanyakazi huyo, si mshahara peke yake: mchango wa hifadhi ya jamii, bima, sehemu yake ya pango, umeme, kompyuta, ukaguzi wa hesabu na uongozi. Gawa jumla hiyo kwa 120. Bei utakayoipata itakuwa zaidi ya mara 2 ya ile ya kugawa kwa 260, na ndiyo bei ya kweli.

Wapo wanaoona aibu kuonyesha gharama za utawala kwa mfadhili, wakiamini kwamba shirika jema ni lile lenye gharama hizo ndogo kabisa. Ningependa waachane na imani hiyo. Wanauchumi wawili wa Marekani walipopendekeza mwaka 1991 vipimo vya kulitambua shirika ambalo halitahimili mtikisiko wa fedha, walitaja vinne: mtaji mdogo, mapato yaliyolundikana kwenye vyanzo vichache, ziada ndogo mwisho wa mwaka, na gharama za utawala zilizo ndogo mno. Hiyo ya nne ina maana kwamba aliyekwisha kukonda hana pa kupunguzia njaa inapokuja. Baadhi ya wafadhili wakubwa wameanza kulielewa jambo hili. Kanuni za ruzuku za serikali kuu ya Marekani, kwa mfano, zilipandisha kutoka asilimia 10 hadi 15 kiwango cha gharama zisizo za moja kwa moja, yaani za utawala na uendeshaji, ambacho shirika lisilo na kiwango lililokubaliana rasmi na serikali linaweza kukidai, kuanzia Oktoba 2024. Ukiwa na hesabu yako ya siku mkononi, unaweza kumwonyesha mfadhili yeyote kwa nini unaomba unachoomba, na ukanyimwa ukijua umenyimwa nini.

Hatua ya 3: Weka mipaka kabla ya kutafuta fedha

Shirika mlezi linajua habari za fursa kabla ya vikundi. Linakaa katika kamati ambamo ruzuku zinapangwa, linasoma matangazo mapema, na lina mwandishi wa maandiko anayeijua kazi. Likiamua kuutumia mwanya huo kwa faida yake, litashinda, na vikundi vitagundua.

Kwa hiyo andika sera fupi, ya ukurasa mmoja, na uipitishe kwenye mkutano mkuu wa wanachama wala si kwenye bodi tu. Iseme kwamba shirika halitaomba ruzuku zilizokusudiwa vikundi vidogo. Kwamba taarifa za fursa zitatumwa kwa wanachama wote siku ileile zinapopokelewa. Kwamba pale ambapo shirika na mwanachama wanaitamani fursa moja, mazungumzo yatafanyika kwanza na njia ya kuomba kwa pamoja itazingatiwa. Na kwamba mwanachama anayeona sera imevunjwa ana mahali pa kulalamika pasipokuwa kwa mkurugenzi mwenyewe. Tumia mkutano huohuo kuwauliza wanachama wangependa kulipia nini na nini lazima kibaki bure. Majibu yao yatakusaidia katika hatua inayofuata kuliko ripoti ya mshauri yeyote.

Hatua ya 4: Chagua vyanzo vinavyoota kutoka kwenye kazi uliyo nayo

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo huu. Kanuni ninayoifuata ni rahisi: anza na kile ambacho tayari unakifanya vizuri na ambacho mtu mwenye uwezo wa kulipa anakihitaji. Shirika mlezi lina ujuzi wa hesabu, utawala, mafunzo na watu wa kujitolea, na lina kitu kimoja ambacho hakuna mwingine anacho, nacho ni kuaminiwa na vikundi vingi kwa pamoja.

Huduma za kulipia. Mafunzo ndiyo huanza, kwa kuwa yanafahamika. Tengeneza bei za ngazi tatu: vikundi vidogo visivyo na wafanyakazi havilipi, mashirika yenye wafanyakazi hulipa gharama halisi, na makampuni au idara za serikali hulipa zaidi ya gharama. Tuchukulie mafunzo ya siku moja yanagharimu 100 kwa jumla na yana nafasi 20. Nafasi 12 za mashirika kwa 7 kila moja ni 84. Nafasi 4 za makampuni kwa 10 kila moja ni 40. Nafasi 4 za vikundi vidogo ni bure. Jumla ni 124, na ziada ni 24. Lakini makampuni yote manne yasipotokea, unabaki na 84 na umepata hasara. Ndiyo maana kabla ya kutangaza tarehe ni lazima uandike idadi ya chini ya kuendelea, ambayo hapa ni mashirika 12 na makampuni 2, na uwe na ujasiri wa kuahirisha ikiwa haijafikiwa wiki 2 kabla.

Mafunzo, hata hivyo, ni mapato ya kupanda na kushuka. Huduma zinazorudi kila mwezi ni bora zaidi: kutunza vitabu vya hesabu, kuandaa malipo ya mishahara, kuandaa taarifa za fedha za mwaka. Kikundi kinachokuletea risiti zake kila mwezi hakiwezi kukuacha katikati ya mwaka bila sababu nzito, na mapato hayo unaweza kuyatabiri kwa usahihi mkubwa. Upande wa pili wa jambo hili ni kwamba kosa lako ni kosa la kikundi. Mshahara ukichelewa kwa siku 3 kwa sababu mhasibu wako anaumwa, kuna mtu hajalipa karo ya mtoto. Usianze huduma ya mishahara mpaka uwe na watu 2 wanaoweza kuifanya, mmoja akimfunika mwenzake.

Kusimamia mfuko wa ruzuku ndogo kwa niaba ya mfadhili mkubwa. Mfadhili mkubwa hawezi kutathmini maombi 200 ya vikundi vidogo asivyovijua, na shirika mlezi linaweza. Hiki ni chanzo kizuri sana, na kinaongeza fedha kwa vikundi badala ya kuwapokonya. Kosa la kawaida ni kukubali malipo ya asilimia fulani ya mfuko bila kuuliza ruzuku zitakuwa ngapi. Kazi ya kupokea, kusoma, kukagua, kulipa na kufuatilia haitegemei ukubwa wa ruzuku. Inategemea idadi ya maombi. Mfuko wa 1,000 unaogawa ruzuku 5 za 200 na mfuko wa 1,000 unaogawa ruzuku 100 za 10 hulipa asilimia ileile, lakini wa pili una kazi mara 20, bila kuhesabu maombi yatakayokataliwa, ambayo nayo lazima yasomwe na kujibiwa kwa heshima. Omba malipo kwa kila ombi linaloshughulikiwa, au malipo maalumu ya kuanzisha mfuko pamoja na asilimia. Na usimruhusu mfanyakazi aliyekisaidia kikundi kuandika ombi awe miongoni mwa wanaoliamua. Kama watu wako ni wachache mno kuweza kutenganishwa hivyo, unda jopo la watu wa nje, gharama zake ukaziweke kwenye mkataba.

Kuwa mdhamini wa fedha wa vikundi ambavyo havijasajiliwa. Kikundi cha majirani kinachotaka kufanya kazi kwa mwaka mmoja hakina haja ya kusajili shirika zima. Shirika mlezi linaweza kupokea fedha kwa niaba yake, kuzitunza katika hesabu tofauti, na kutoza ada ambayo mahali pengi huwa kati ya asilimia 5 na 15. Kabla ya kukubali, kumbuka kwamba machoni pa sheria na mfadhili, fedha hizo ni zako na lawama ni yako. Mkataba wa maandishi, idhini ya saini mbili kwa kila malipo, na haki ya kusimamisha matumizi ni vitu vya lazima hata kama viongozi wa kikundi ni marafiki zako wa miaka mingi.

Mikataba na serikali. Serikali za mitaa na idara za afya au ustawi wa jamii mara nyingi hutaka kufikia watu ambao vikundi vidogo tu ndivyo vinavyowafikia. Shirika mlezi linaweza kuwa mkandarasi mkuu anayeongoza muungano wa vikundi, likibeba uzito wa zabuni, bima na taarifa, na kuviachia vikundi kazi yenyewe. Tatizo lake ni wakati wa malipo. Mkataba unaolipa siku 60 baada ya ankara unahitaji fedha za kuendeshea kazi miezi 3 au 4, na kama shirika halina akiba hiyo, vikundi ndivyo vitakavyosubiri. Dai malipo ya awali. Ukikataliwa, na huna akiba, kataa mkataba. Kataa vilevile, au gawa hatari kwa maandishi, pale ambapo malipo yanategemea matokeo yasiyo mikononi mwenu.

Makampuni. Kampuni kubwa hupenda kupeleka wafanyakazi 40 siku moja wakafanye kazi ya kujitolea. Kuwapokea watu 40 ni mzigo kwa kikundi chenye viongozi 5, ambao huishia kununua rangi na brashi kwa fedha zao ili wageni wapate ukuta wa kupaka. Weka ada ya maandalizi inayolipwa na kampuni, na sehemu yake iende kwa kikundi mwenyeji. Kampuni inayokataa kulipa ada hiyo haijui bado kwamba muda wa watu wengine una thamani, na ni wajibu wako kuieleza kwa upole.

Ada za uanachama. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwa shirika mlezi kibaba hicho ni kidogo, na gharama ya kukusanya ada ndogo kutoka kwa vikundi 300 inaweza kuzidi ada yenyewe. Thamani ya ada ni nyingine: inawapa wanachama haki ya kuuliza maswali, na inamwonyesha mfadhili kwamba vikundi vinalithamini shirika kiasi cha kutoa chao. Ipange kulingana na mapato ya kikundi, uifanye kuwa ya hiari kwa vilivyo vidogo kabisa.

Watu binafsi. Nitasema wazi kwamba hiki ni chanzo kigumu. Mtu hutoa mchango kwa kikundi kilichomhudumia mama yake, hatoi kwa shirika lililomfundisha mweka hazina wa kikundi hicho. Mkiajiri afisa wa kuchangisha na kuzunguka katika mitaa ileile ambamo wanachama wenu wanachangisha, mtakuwa mmevunja sera ya hatua ya 3. Njia inayofaa ni kampeni ya pamoja, ambapo shirika mlezi linaendesha ukusanyaji kwa niaba ya vikundi vyote na kubakiza asilimia ndogo iliyotangazwa hadharani.

Jengo na mtaji wa kudumu, yaani fedha zinazowekezwa ili faida yake tu itumike, vinavutia bodi nyingi kuliko inavyostahili. Jengo lina paa la kutengeneza, na vyumba vya kupangisha huwa vitupu wakati uleule ambao ruzuku zimepungua, kwa kuwa wapangaji nao ni mashirika. Kuhusu mtaji wa kudumu, ambao ndio msingi wa mifuko ya kijamii, yaani mifuko ya hisani ya jamii ya mahali fulani, tangu wa kwanza ulipoanzishwa katika mji wa Cleveland, Marekani, mwaka 1914, hesabu ni hii: ukitumia asilimia 4 ya mtaji kila mwaka ili usipungue, unahitaji mtaji mara 25 ya mshahara mmoja ili kulipa mshahara huo mmoja. Ni ndoto njema kwa shirika lenye marafiki wa kuliachia urithi, lakini si jibu la upungufu wa mwaka ujao.

Hatua ya 5: Jaribu kwa udogo, ukiwa umeandika utakapokoma

Kutoka katika orodha hiyo chagua viwili, visizidi. Kwa kila kimoja tenga miezi 6 ya majaribio, siku za kazi zisizozidi idadi fulani, na kiasi cha fedha ambacho shirika linaweza kukipoteza bila kuumia. Kisha, kabla hujaanza, andika masharti ya kukoma: tusipopata wateja 8 wanaolipa gharama halisi ifikapo mwezi wa sita, tunafunga. Masharti haya huandikwa mapema kwa sababu mtu aliyekwisha kuipenda kazi yake huona dalili njema kila mahali. Majaribio yakifaulu, tarajia mwaka wa pili ndio urudishe gharama na wa tatu ndio ulete fedha huru. Mpango unaotegemea ziada mwaka wa kwanza umeandikwa kwa matumaini.

Hatua ya 6: Mwone msajili na mtu wa kodi

Hatua hii ni fupi lakini haina njia ya mkato. Katika nchi nyingi shirika la hisani linaruhusiwa kuuza huduma zinazotimiza madhumuni yake, na huwekewa mipaka kwa biashara isiyohusiana nayo. Pita kwenye katiba yenu muone kama kuuza huduma kumeruhusiwa, uliza kwa maandishi kuhusu kodi ya mapato na kodi ya ongezeko la thamani, na kama biashara itakua, uliza kama inapaswa kuwekwa katika kampuni tanzu inayorudisha faida kwa shirika. Pata majibu hayo kabla ya ankara ya kwanza kutoka. Bima nayo ikaguliwe, maana bima iliyokatwa kwa ajili ya ofisi haitafidia kosa la mhasibu wako katika vitabu vya mtu mwingine.

Hatua ya 7: Bajeti, mtiririko wa fedha na akiba

Gawa mapato ya bajeti katika makundi matatu: yaliyosainiwa, yanayotarajiwa kwa sababu huja kila mwaka, na yanayoombwa. Ajira na mikataba ya muda mrefu isimame juu ya kundi la kwanza na la pili tu. Kwa kundi la tatu, zidisha kila ombi kwa uwezekano wake: maombi manne ya 100 kila moja, ambayo kila moja lina uwezekano wa asilimia 25, yana thamani ya 100, na hata hiyo 100 ni makadirio ya kupangia kazi ya kuomba, si fedha ya kuajiri mtu.

Kando ya bajeti weka jedwali la mtiririko wa fedha la miezi 12, likisasishwa kila mwezi. Shirika lenye ziada kwenye karatasi linaweza kukosa mshahara wa mwezi wa nne kwa sababu tu mkataba mkubwa unalipa mwezi wa sita. Vyanzo vipya, hasa mikataba, huongeza hatari hiyo hata vinapopunguza ile ya kutegemea mfadhili mmoja.

Kuhusu akiba, utasikia sana kwamba miezi 3 ya matumizi inatosha. Ni afadhali uhesabu ya kwenu. Jumlisha malipo ya kuwaachisha kazi wafanyakazi kwa mujibu wa sheria na mikataba yao, pango la muda uliobaki, deni kwa watoa huduma, na gharama ya kuwakabidhi wanachama kazi zao kwa utaratibu. Ongeza pengo kubwa zaidi linaloonekana katika jedwali la mtiririko wa fedha. Hiyo ndiyo akiba inayoliruhusu shirika kuanguka bila kuviangukia vikundi. Ijenge kwa kuiweka kama mstari wa matumizi katika bajeti ya kila mwaka, kwa maana akiba inayosubiri kilichobaki husubiri sana.

Hatua ya 8: Waandae watu

Mfanyakazi aliyetoa ushauri bure kwa miaka 10 ataumia siku ya kwanza anapoambiwa atoe ankara. Sikumbuki shirika lolote nililolifahamu ambalo halikupitia maumivu hayo. Wengine huendelea kufanya kazi bila kutoza, kwa huruma, na hesabu zote za hatua ya 2 zikaharibika kimyakimya. Mpe kila mmoja maneno ya kusema na mpaka ulio wazi, kwa mfano kwamba saa ya kwanza ya ushauri ni bure kwa kila mwanachama na baada ya hapo bei inatajwa kabla kazi haijaendelea. Mruhusu pia mfanyakazi kusamehe ada kwa kikundi kilicho taabani, lakini msamaha uandikwe katika daftari, ili mwisho wa mwaka shirika lijue limetoa huruma ya kiasi gani na liweze kumwomba mfadhili ailipie.

Bodi iwe na angalau mtu mmoja aliyewahi kuuza huduma na kupata hasara. Ataona mambo ambayo wenzake hawayaoni.

Hatua ya 9: Ifanye kazi iliyojificha ionekane

Ruzuku zitabaki kuwa sehemu kubwa ya mapato, na haipaswi kuwa aibu, kwa maana vikundi vidogo haviwezi kulipia vyote vinavyovihitaji. Ili kupata ruzuku hizo shirika mlezi lazima lionyeshe matunda ya mti lililoumwagilia. Weka kumbukumbu ya kila kikundi tangu siku kilipofika: kilikuwa na akaunti ya benki au la, wajumbe wangapi, mapato kiasi gani, kiliwahudumia watu wangapi. Rudia maswali hayohayo baada ya miezi 12 na 24. Hesabu fedha ambazo vikundi vimepata kutokana na maandiko mliyowasaidia kuandika, ukitaja wazi kwamba ushindi ni wao na msaada ni wenu. Mfadhili anapotembelea, mpeleke kwa kikundi na umwache katibu wa kikundi azungumze mwenyewe; sentensi yake moja kuhusu kilichobadilika katika daftari lake la fedha itakuwa na uzito kuliko kurasa 20 za ripoti yenu.

Hatua ya 10: Pitia, na uache kinachostahili kuachwa

Kila mwaka, mwezi mmoja kabla ya kuandaa bajeti, rudi kwenye jedwali la hatua ya 1. Pima tena ulundikano na kiasi cha fedha huru. Kwa kila chanzo, linganisha fedha zilizoingia na siku za kazi zilizotumika. Bila shaka utakuta kimoja kinachokula muda wa watu wawili na kuleta mapato ya nusu mtu, na mara nyingi ni kile ambacho bodi inakionea fahari. Kabla ya kukifunga, viulize vikundi vinavyokitegemea vitaathirika vipi, uvipe notisi isiyopungua miezi 3, na uvitafutie mahali pengine pa kwenda. Kisha peleka mbele ya mkutano mkuu ile sera ya ukurasa mmoja, pamoja na orodha ya kila ruzuku ambayo shirika limeiomba katika mwaka huo, iliyopatikana na iliyokosekana, wanachama waisome jina kwa jina na kuuliza wanachotaka.